Antena za intaneti ya simu, 4G na 5G: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nafunga antena za intaneti kwa watu wa Tanga mjini, Muheza na milima ya Lushoto. Maswali haya nimeulizwa nikiwa juu ya ngazi, nikiwa sokoni, nikiwa nimeshalala simu ikaita, na mara nyingi mno nimeulizwa baada ya mtu kununua kifaa kisichomfaa. Hilo la mwisho linaniuma, maana pesa yenyewe huwa ya ada au ya mbolea. Soma kabla hujatoa pesa.

Antena inaongeza intaneti?

Haiongezi. Antena haina kiwanda ndani yake. Inakusanya mawimbi yaliyokwisha kufika pale ulipo na kuyaingiza kwenye ruta, kile kifaa chenye laini kinachogawa intaneti nyumbani, na ruta ikijibu, antena inauelekezea mnara ile sauti badala ya kuitawanya kila upande. Ni sawa na kuweka kiganja nyuma ya sikio: mtu anayekuita toka ng'ambo ya bonde utamsikia vizuri zaidi, lakini kama hakuna anayekuita, kiganja hakisaidii kitu. Kwa hiyo swali la kwanza si "ninunue antena gani", bali ni "mawimbi yapo hapa, na yapo kwa kiasi gani?"

Nitajuaje kiasi chake? Simu yangu inaonyesha vijiti viwili tu.

Vijiti achana navyo. Kila kampuni inayotengeneza simu huvipanga inavyotaka. Vijiti viwili vya simu moja vinaweza kuwa vinne kwenye nyingine mkiwa mmekaa benchi moja. Soma namba. Kwenye simu nyingi za Android piga *#*#4636#*#* uingie sehemu ya taarifa za simu. Kama haikubali, tafuta kwenye mipangilio, sehemu ya "Kuhusu simu", halafu hali ya laini. Kwenye iPhone piga *3001#12345#*. Kwenye ruta, fungua ukurasa wake kwa kuandika anwani iliyobandikwa chini yake, mara nyingi ni 192.168.8.1 au 192.168.1.1.

Utakuta vitu viwili vya maana. Kimoja ni RSRP, nguvu ya mawimbi. Namba zake ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Ukiona -80 una raha. Karibu na -95 mambo yanakwenda. Ukifika -105 video zitakwamakwama, na ukivuka -115 ruta itakuwa inashika na kuachia siku nzima.

Cha pili ni SINR, na hiki wengi hawakiangalii ingawa kwangu ndicho kikubwa. Kinapima usafi: sauti ya mnara wako ukiilinganisha na kelele za minara mingine na vifaa vingine. Mtu anaweza kukuita kwa nguvu zake zote katikati ya soko la Mgandini usimwelewe, na akakunong'oneza usiku wa manane ukasikia kila neno. Juu ya 20 ni safi sana. Kati ya 10 na 20 ni nzuri. Ikishuka chini ya sifuri kelele imeshinda, hata kama nguvu ni -80.

Chukua daftari. Andika namba hizo sebuleni, mlangoni, na nyuma ya nyumba. Kisha pima kasi saa 11 alfajiri na saa 3 usiku. Ikiwa namba za mawimbi ni zilezile lakini kasi ya usiku imeanguka vibaya, tatizo lako si mawimbi. Mnara umejaa watu, kila mmoja anagawiwa kipande kidogo, na antena haitakusaidia ila kwa bahati ya kukufikisha kwenye mnara mwingine wenye nafasi. Wateja wawili kati ya wale ninaotembelea nimewaambia hivi mlangoni na nikaondoka bila kufunga kitu. Afadhali hivyo.

Nje simu inashika vizuri, ndani hakuna kitu. Kwa nini?

Bati. Chuma hurudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga, na nyumba yenye paa la bati, madirisha ya nondo na milango ya chuma ni sanduku. Jaribu kwanza kitu kisichogharimu hata shilingi: chukua ruta na waya wa umeme wa kurefusha, uiweke dirishani upande unaotazama mnara, usawa wa juu. Nyumba nyingi za mjini tatizo huishia hapo. Ikitoka -108 hadi -94 kwa kuhamisha meza tu, huna haja nami.

Antena ziko aina nyingi. Ipi ni ipi?

Ile yenye umbo la mifupa ya samaki, kama za TV za zamani, inaitwa Yagi, kwa jina la Hidetsugu Yagi, ambaye pamoja na Shintaro Uda waliieleza kule Japani mwaka 1926. Inaangalia upande mmoja tu na ni kali kwa mnara wa mbali, lakini nyingi zimetengenezwa kwa masafa machache, yaani aina chache za mawimbi, zile zinazotajwa kwa megahezi. Ile ya vijiti vilivyopangwa kutoka virefu hadi vifupi inafanana nayo. Inabeba masafa mengi zaidi kwa nguvu pungufu kidogo. Antena bapa, kama trei lililofunikwa plastiki nyeupe, ndiyo ninayoifunga zaidi kwa majumbani. Ile ya fimbo inayosikia pande zote inafaa kwa gari, boti, au mtu aliyezungukwa na minara ya karibu. Kwenye mji wenye kelele inakusanya na kelele pia.

Jambo moja usiliache: 4G na 5G hutumia njia mbili au zaidi kwa wakati mmoja, kila njia na antena yake. Ndiyo maana ruta ina matundu mawili. Ukifunga Yagi moja kwenye tundu moja, umeziba njia moja, na kasi inaweza kushuka hata nguvu ikiwa imepanda. Zifungwe mbili, moja imelala nyuzi 45 kushoto na nyingine 45 kulia, au ununue antena bapa yenye waya mbili. Ndani yake hilo limeshapangwa.

Dukani wananiambia waya wowote unafaa. Ni kweli?

Si kweli, na kosa hili nimelifanya mwenyewe.

Miaka ya mwanzo nilifunga antena kwa mwalimu mstaafu kwenye bonde moja la Lushoto. Mnara ulikuwa kwenye kilima upande wa pili, na nyumba yake ilikuwa chini, nyuma ya migomba. Nikasimamisha bomba juu kabisa, nikafunga antena nzuri ya desibeli 11 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi inayoongezeka au kupotea), nikateremsha waya mwembamba mweusi mita 15 hadi sebuleni. Nikawasha ruta. Namba ilikuwa ileile ya mwanzo, -109. Nikapanda tena, nikageuza, nikashuka. -109. Mwalimu hakusema neno, alinimiminia chai tu. Jioni nilipochomoa waya na kupeleka ruta yenyewe juu ya ngazi karibu na antena, kwa kipande cha mita moja, ikasoma -99.

Waya ndio ulikuwa umekula kila kitu. Ule mwembamba unaoitwa RG-58, kwenye masafa ya megahezi 1800, hupoteza takriban desibeli 7 hadi 8 kwa kila mita 10. Kwa mita 15 nilipoteza kama 11, zilezile nilizozinunua kwenye antena. Kumbuka kila desibeli 3 ni nguvu mara mbili na kila desibeli 10 ni mara kumi. Nilichukua nguvu zaidi ya mara kumi juu na kuimwaga yote njiani. Waya mnene wa aina ya LMR-400 ungepoteza kama desibeli 3 kwa urefu uleule.

Nilirudi wiki iliyofuata kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo waya mwembamba siruhusu uzidi mita 3.

Kuna njia bora zaidi kwa nyumba zilizo mbali na nguzo: ruta ya nje, ambayo antena na modemu, ile sehemu inayoshika laini, vimekaa ndani ya boksi moja huko huko juu. Kinachoshuka ni waya wa kawaida wa mtandao unaobeba data pamoja na umeme wake, na huo hukubali hadi mita 100 bila kupunguza chochote. Kama ndiyo kwanza unaanza na huna ruta, nunua hiyo, usihangaike na antena ya pembeni.

Na waya wa TV? Huo ni wa omu 75, vifaa vya simu ni vya omu 50 (omu ni kipimo cha umeme cha waya), kwa hiyo havilingani. Utapitisha kitu, lakini usiulipie ukidhani ni kazi ya maana.

Ruta yangu ndogo ya mfukoni, ile mifi, inakubali antena?

Baadhi zina tundu dogo sana pembeni, chini ya kifuniko cha mpira, linaitwa TS-9. Linakubali, ila ni dhaifu; ukivuta mara mbili tatu linalegea na kifaa kimekufa. Ruta za mezani huwa na SMA, ya kuzungusha, imara zaidi. Ukishachomeka, ingia kwenye ukurasa wa ruta uhakikishe imepangwa kutumia antena ya nje. Nimeitwa mara nyingi kutengeneza "antena mbovu" ambayo haikuwa imewashwa tu.

Niielekeze wapi?

Kwenye mnara unaokuhudumia, ambao si lazima uwe ule unaouona. Minara ya kampuni tofauti husimama sehemu tofauti, na wakati mwingine wa karibu umezibwa na kilima wakati wa mbali unakutazama uso kwa uso.

Hii ni kazi ya watu wawili. Mmoja juu na antena, nati zimekazwa nusu; mwingine chini anasoma namba kwa sauti. Kwa Mama Zawadi wa Muheza aliyenisomea alikuwa bintiye wa darasa la sita, na sijapata msaidizi makini kama yule. "Tisini na nane. Tisini na nane. Tisini na tano, Mjomba. Tisini na mbili! Umepita, umepita, rudi." Geuza kidogo kama upana wa viganja viwili, kisha subiri sekunde 20 au 30, maana ruta haionyeshi badiliko papo hapo. Zungusha duara zima hata kama unadhani unajua mnara ulipo. Na usishike namba ya nguvu peke yake: mara kwa mara pale penye -92 na SINR ya 6 nimepaacha, nikakaa penye -96 na SINR ya 17, na kasi ikawa zaidi ya maradufu.

Mnara nauona kwa macho, mbona bado mawimbi ni mabovu?

Kuona hakutoshi. Mawimbi hayapiti kwenye mstari mwembamba kama uzi. Yanahitaji uwazi wenye umbo la tango, mwembamba kwenye ncha na mpana katikati. Kwa mnara ulio kilomita 3 na masafa ya megahezi 1800, tango hilo katikati lina kama mita 11 kila upande wa mstari. Safu ya miembe inayogusa eneo hilo inapunguza, hata kama mnara unachungulia juu yake. Majani mabichi yaliyojaa maji ndiyo mabaya zaidi, ndiyo maana wengine hulalamika kila masika.

4G na 5G zinatofautiana nini kwa mtu wa kawaida?

Tanzania huduma ya 5G ya kibiashara ilianza na Vodacom Septemba 2022. Kenya Safaricom wakaifungua Oktoba mwaka huohuo. Tofauti utakayoiona ni kasi, na hasa uwezo wa mnara kubeba watu wengi bila kuzidiwa. Antena za mnara wa 5G zina vipande vingi vidogo, mara nyingi 64 vya kurusha na 64 vya kupokea, vinavyoweza kuelekeza mwale kwa mteja mmoja mmoja badala ya kumwagia mtaa mzima.

Ila masafa yana tabia zake, na hapa ndipo watu hupotea. Masafa ya chini, kama megahezi 700 na 800, hufika mbali na kupenya kuta, lakini barabara yake ni nyembamba. Masafa ya kati, kama 2600 na 3500, yana barabara pana ila hayafiki mbali na ukuta yanauogopa. 5G yenye kasi mnayoisikia iko zaidi huko kwenye masafa ya kati. Mwaka 2022 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilinadi masafa ya 700, 2300, 2600 na 3500, na ukitazama orodha hiyo unaona mpango: ya chini kwa vijiji, ya juu kwa miji.

Haya ya chini yana historia inayowagusa wengi. Mnakumbuka usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya TV ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam na watu wakalazimika kununua ving'amuzi? Wengi walikasirika. Masafa yaliyoachwa wazi na TV hizo ndiyo yaliyokuja kubeba intaneti ya simu.

Antena niliyonunua kwa 4G itashika 5G?

Soma maandishi ya nyuma. Ikiwa imeandikwa inafika megahezi 2700, basi 5G ya 3500 haitaiona. Urefu wa wimbi la 800 ni kama sentimita 37, wa 3500 ni kama sentimita 8.6, vipande vya ndani vilivyokatwa kwa hilo la kwanza havifai kwa la pili. Tafuta iliyoandikwa hadi 3800. Tena minara mingi hutumia 5G inayoegemea 4G, yaani kifaa lazima kishike zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo antena iwe nzuri kwenye masafa yote mawili. Na ruta yenyewe lazima iwe ya 5G. Nimeona watu wakinunua antena ya 5G kwa ruta ya 4G.

Ushauri wangu ulio wazi: kama unaishi kijijini na 4G yako ina SINR nzuri, usiifukuzie 5G. 4G safi inatosha nyumba nzima kusoma, kupiga simu za video na kufanya kazi.

Minara na 5G zina madhara kwa afya?

Naulizwa hili kwa hofu ya kweli, hasa na akina mama, na linastahili jibu la heshima. Mawimbi ya simu, pamoja na ya 5G, hayana nishati ya kuvunja chembe za mwili kama miale ya X inavyoweza. Kinachopimwa ni joto, na mipaka ya kimataifa iliyoandikwa upya na ICNIRP, tume ya kimataifa ya wataalamu wa kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, mwaka 2020 inahusu masafa yote haya. Ni kweli pia kwamba mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la WHO, Shirika la Afya Duniani, liliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la "huenda" yakasababisha saratani, kwa kuwa ushahidi ulikuwa mdogo na haukutosha kuamua. Nawaeleza yote mawili.

La kuongeza kutoka kwenye kazi yangu: simu iliyo kwenye mawimbi dhaifu hurusha kwa nguvu kubwa zaidi, ndiyo maana inapata moto na chaji inaisha upesi. Antena ya nje ya nyumba huisogeza kazi hiyo mbali na mwili, na hata hapo ruta hurusha takriban wati 0.2 tu.

Kuna boksi linauzwa la "kuongeza mtandao" bila laini. Ninunue?

Usinunue. Hilo ni la kurudia mawimbi: linadaka na kurusha upya, likiwemo na kelele. Likiwa bovu linaweza kuuharibia mnara mzima na jirani zako wakakosa mtandao bila kujua sababu. Vifaa vya namna hii lazima viwe vimeidhinishwa, na TCRA kwa Tanzania, na Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Antena iliyochomekwa kwenye ruta ni kitu kingine kabisa. Hiyo haikuzi wala hairushi upya mawimbi ya watu.

Mvua, radi, chumvi ya bahari?

Mvua yenyewe haizuii masafa haya kwa kiasi cha kusumbua. Maji yaliyoingia kwenye kiunganishi ndiyo yanayoua. Funga kila kiunganishi kwa ile tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kisha acha waya ufanye kitanzi chini ya tundu la ukutani ili maji yadondokee hapo. Kwa sisi wa pwani chumvi huanza kuonyesha ukungu wa kijani kwenye shaba; fungua uangalie kila mwaka. Radi ni jambo zito, na Kanda ya Ziwa na mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Nguzo iwe na waya wa ardhini, na wingu likitanda chomoa.

Antena itanipunguzia matumizi ya bando?

Kinyume chake. Kasi ikipanda, video hujipandisha ubora zenyewe na bando huisha mapema. Punguza ubora kwenye programu.

Nisubiri 6G?

Hapana. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulikubaliana mwelekeo wake mwaka 2023, na unalengwa karibu na mwaka 2030. Watoto wako wanahitaji kusoma mwaka huu.

Wamejenga mnara mpya karibu nasi. Antena yangu niifanyeje?

Pima upya, bila antena na ikiwa nayo. Mei 2023 serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, na kwa hiyo antena nyingi sasa zinatazama pasipo na haja. Antena kali inayoelekea mnara wa zamani inaupa kisogo ule mpya.

Kwa yule mwalimu wa Lushoto mnara mpya ulipowashwa alinipigia mwenyewe. Nilipofika, ruta ilisoma -84 ikiwa juu ya kabati, haina waya wowote. Tulishusha antena pamoja nikampelekea mteja mwingine wa ng'ambo ya bonde. Bomba alisema liachwe. Mkewe alikuwa ameshafunga kamba ya kuanikia nguo.